Namba Yako Ni Ngapi?

Posa ilikuwa imekwisha pokelewa, mahari bado. Upande wa mwanamume ukaleta ujumbe wa heshima, lakini mzito: wamesikia mchumba amepangiwa kazi kitengo cha tiba ya nyuklia katika hospitali moja ya Dar es Salaam, nao wangependa kujua kama kazi hiyo haimharibu mtu. Mama wa binti akanipigia simu. Mimi nimeifanya kazi hiyo miaka 17, na wanangu wote wawili niliwazaa nikiwa kazini. Akaona nikija Tanga, nikaketi mbele ya watu wake, maneno yatapungua.

Hayakupungua. Tulikaa barazani baada ya alasiri, na magharibi iliadhiniwa tukiwa bado tunavutana. Walikuwapo mama, binti mwenyewe, mjomba mtu, na mzee jirani ambaye mwaka jana alipimwa mifupa kwa dawa ya mionzi. Nayaweka hapa waliyoyasema kwa kadiri ninavyoyakumbuka, pamoja na niliyoyajibu, na lile moja ambalo sikuweza kulijibu upesi.

MAMA: Mimi sikusoma, lakini nina macho. Chumba cha eksirei kina alama mlangoni, mjamzito asiingie. Anayepiga picha anajificha nyuma ya ukuta ndipo abonyeze. Sasa huyu wangu ananiambia yeye kitu chenyewe anakishika mkononi, anakivuta kwa bomba la sindano, anamchoma mgonjwa. Ikiwa mwenye mashine anajificha, mwenye kukishika atapona vipi?

BINTI: Mama, mashine ya eksirei ni kama taa. Ukiizima, mwanga hakuna. Dawa yetu haina swichi. Inatoa mionzi tangu inapotengenezwa mpaka ijiishie yenyewe, na ndiyo maana tunachagua inayokwisha haraka. Tunayoitumia zaidi ni teknesiamu 99m: kila saa 6 nguvu yake inapungua nusu. Nikiipima leo saa nne asubuhi, kesho saa nne imebaki sehemu 1 katika 16. Zikipita siku mbili na nusu haifiki hata sehemu 1 katika 1,000.

MAMA: Kama inaisha hivyo, mnaipata wapi kila siku?

BINTI: Tunaikamua. Hospitali inaletewa kwa ndege kifaa kidogo, kizito kwa sababu ya risasi iliyokizunguka. Tunakiita jenereta, ila si ya umeme. Ndani yake mna molibdeni 99, ambayo hupungua nusu kila saa 66, na hiyo ndiyo inayozaa teknesiamu. Tunapitisha maji ya chumvi, dawa inatoka, kama ng'ombe na maziwa. Kesho asubuhi kuna nyingine. Wiki ikiisha, ng'ombe amekauka.

Mama alitikisa kichwa, nadhani kwa kuridhika na ng'ombe kuliko na molibdeni. Mjomba hakuridhika. Kabla ya kustaafu alikuwa akipiga picha viungo vya mabomba ya chuma kwa iridiamu 192, kazi ya kukagua kama fundi amechomelea sawasawa. Mionzi aliijua zamani, tena ile kali.

MJOMBA: Mpwa wangu, hizo hesabu za kupungua nazijua. Sisi chanzo chetu kilikaa ndani ya kasha, kinatolewa kwa waya, picha ikishapigwa kinarudishwa. Siku kikikwama nje, hapo utamjua mwenye akili na mwenye haraka. Niliwahi kufundishwa habari za Goiânia, kule Brazili, mwaka 1987. Mashine ya kutibia saratani iliachwa katika jengo tupu. Waokota vyuma wakaivunja, wakakuta unga unaong'aa buluu gizani. Wakauona mzuri, wakagawiana, watoto wakajipaka. Watu 4 walikufa, mtoto mmoja miongoni mwao, na watu zaidi ya 100,000 ilibidi wapimwe. Huo nao ulikuwa mionzi ya hospitali.

BINTI: Ule ulikuwa sizimu 137, mjomba, na sizimu hupungua nusu kwa miaka 30. Kile kilichokuwa ndani ya mashine ile kilizidi sindano moja ya kupima mifupa zaidi ya mara 60,000. Huwezi kuyaweka kapu moja.

MJOMBA: Siyaweki kapu moja. Nasema hivi: changu kilikuwa kikali, lakini kilifungwa ndani ya chuma. Chenu ni dhaifu, lakini ni maji. Chuma hakimwagiki. Maji yanamwagika, yanaruka, yanaingia chini ya kucha, unayapeleka nyumbani kwa mumeo. Nijibu hapo.

Binti alinitazama. Mjomba alikuwa amegonga palepale panapotutofautisha na wenzetu wote wa mionzi, nami sikutaka kumpunguzia haki yake. Ni kweli inamwagika. Tunatandika karatasi za kunyonya juu ya meza, tunavaa glavu na kuzibadili, na hakuna kula wala kunywa mle ndani. Jioni tunapitisha kipima mionzi mezani, sakafuni, mikononi na viatuni. Mwaka wangu wa tatu kipima kilipiga kelele mlangoni: tone lilikuwa limeangukia kiatu cha kushoto, na macho yangu hayakuliona. Nilikiacha kiatu stoo siku tatu, nikarudi nyumbani na kandambili za wodini. Siku ya nne nikakipima tena, kimya, nikakivaa. Ndiyo faida ya kitu kinachokufa upesi. Ingekuwa iodini 131, tunayotibia rovu lenye sumu na saratani ya tezi ya shingo, kiatu kingekaa ndani zaidi ya miezi miwili, maana hiyo hupungua nusu kwa siku 8, na takataka zake tunaziweka mizunguko kumi, yaani siku 80. Tone halisameheki kwa kuwa dogo. Linasameheka ukilitafuta.

MAMA: Wapewe maziwa basi. Kiwanda cha rangi pale wafanyakazi wanapewa maziwa kila siku.

Hili nimelisikia kila mahali nilikofanya kazi, hata kwa madaktari. Maziwa ni chakula kizuri, lakini hayaondoi mionzi mwilini, wala hayaizuii kuingia. Mionzi inayompita mtu aliyesimama karibu na mgonjwa haibaki ndani yake kusubiri kusafishwa. Imepita, imefanya kidogo ilichofanya, imekwenda. Kinachosaidia ni kukaa muda mfupi, kusimama mbali na kuweka kizuizi katikati. Hata aproni ya risasi tuliyoizoea kwenye eksirei hapa inahitaji akili: inapunguza sana mionzi ya teknesiamu, lakini ile ya iodini 131 inapenya kama kwamba umevaa kanga. Ukiitegemea aproni hiyo ukakaa karibu na mgonjwa wa iodini muda mrefu, umejidanganya.

MZEE JIRANI: Na mimi niseme. Mimi nilikuwa upande wa pili wa sindano. Yule kijana alinichoma, akafunga pamba, kisha akarudi nyuma mpaka mlangoni. Kutoka mlangoni akaanza kuniambia ninywe maji mengi, niende haja ndogo mara kwa mara, na siku ile nisimpakate mjukuu. Nilikaa saa tatu nikingoja picha, na saa zote tatu nilijiuliza nimemkosea nini. Nilijiona kama mwenye ukoma.

Hakuna aliyesema neno kwa muda. Binti aliinama. Mimi naungama kwamba, katika maneno yote ya siku ile, haya ndiyo yaliyonichoma zaidi, kwa sababu kijana yule alikuwa sahihi kwa kipimo na mkosaji kwa adabu. Kurudi nyuma kulikuwa sahihi: mtu akisogea kutoka hatua moja hadi mbili kutoka kwa mgonjwa, mionzi inayomfikia inashuka hadi robo. Anachoma wagonjwa kumi kwa siku, siku zote za kazi, na hatua hiyo moja ndiyo kinga yake kubwa kuliko zote. Lakini maelezo yale alipaswa kuyatoa kabla ya sindano, ameketi jirani na mzee, wakati mzee hana kitu chochote mwilini cha kukimbiwa. Maswali yote yaulizwe hapo, kicheko kiwe hapo, na mama anayenyonyesha au mwenye shaka ya ujauzito atajwe hapo. Ukishamaliza kuchoma unaaga: mzee, sasa nitasimama kule kwa sababu ninawahudumia wengi, wewe hukunikosea kitu. Sentensi moja tu. Binti aliandika kwenye simu yake, na nilimwona.

MAMA: Sasa nifikie lililotuleta. Watu wanasema wafanyakazi wa mionzi hawazai. Wengine wanasema huzaa wa kike watupu. Wakwe hawakulitaja, lakini ndilo walilonalo moyoni.

BINTI: Mama, huyu dada hapa ana mtoto wa kiume na wa kike.

MAMA: Watoto wawili wa mtu mmoja si ushahidi.

Alikuwa na haki, na nilifurahi kwamba amelisema yeye. Basi nikatoa tarakimu. Mionzi inayoupata mwili tunaihesabu kwa milisiveti. Mfanyakazi hapaswi kuzidisha wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka, ikihesabiwa kwa miaka mitano, na wengi wa kazi yetu wanapata kati ya 1 na 5. Ili mwanamke apoteze uzazi moja kwa moja, ovari zinahitaji kupigwa kiasi kinachofika maelfu, tena kwa muda mfupi, kama inavyotokea kwa anayetibiwa saratani ya nyonga. Hakuna njia ya kufika huko kwa kuchoma sindano za teknesiamu. Habari ya watoto wa kike watupu ni uvumi tu.

Mimba ni jambo jingine, nalo sitalipunguza. Mtoto aliye tumboni anahesabiwa kama mtu wa nje, asiyelipwa mshahara: akishatangazwa, kwa miezi iliyobaki asipate zaidi ya milisiveti 1. Mimi nilimwambia mkuu wangu nikiwa na wiki sita, wa kwanza kujua baada ya mume wangu. Nilitolewa kwenye chumba cha iodini siku hiyohiyo, kwa sababu iodini hupita kondo la nyuma, na tezi ya mtoto huanza kuikusanya karibu na mwezi wa tatu. Nilivaa tumboni beji ya pili ya kuhesabu mionzi, nikaendelea na kazi ya kamera na ya kupanga wagonjwa. Mwenye kuficha mimba ili asihamishwe anamnyima mwanawe haki ya kwanza aliyopewa na sheria.

BINTI: Na hata tukikaa hapa barazani, mama, mionzi tunaipata. Ardhi inayo, mawe yanayo, hewa inayo. Wastani wa dunia ni milisiveti 2.4 kwa mwaka bila kazi yoyote. Kilima cha Mrima, hapo Kwale ng'ambo ya mpaka, kina thoriamu na mionzi yake iko juu. Mawe ya fosfeti ya Minjingu yana urani. Watu wanaishi.

MJOMBA: Hoja hiyo nimeichoka. Mvua ikininyeshea njiani, si sababu ya kujimwagia ndoo. Halafu niambie: kama kazi ni salama hivyo, posho ya mazingira hatarishi mnaidai ya nini?

BINTI: Kwa sababu tunastahili!

MJOMBA: Mnastahili kwa kuwa mnaumia, au kwa kuwa hamuumii? Chagueni moja.

Kuhusu mvua nilimuunga mkono mjomba. Mionzi ya mawe hairuhusu mtu kuzembea na ya sindano, na wenzangu wanaotaja mionzi ya safari za ndege na ya ndizi kila wanapoulizwa swali wanamkwepa muulizaji. Jibu la kweli linasema hatari ipo na ukubwa wake ni huu. Wataalamu wa kinga hukadiria kwamba milisiveti 1,000 zinaongeza uwezekano wa kufa kwa saratani kwa asilimia 5 hivi. Ukipata milisiveti 2 kila mwaka kwa miaka 30, jumla 60, nyongeza ni kama watu 3 katika 1,000. Si sifuri. Ni ndogo kuliko hatari ya bodaboda anayempeleka binti kituoni kila asubuhi, lakini si sifuri, na anayemwambia mfanyakazi kwamba ni sifuri anamfundisha kutoamini lolote atakaloambiwa baadaye.

Kuhusu posho nilitofautiana na wote wawili. Natamani tulipwe kwa ujuzi, na kwa kuanza kazi alfajiri ili dawa iwahi. Posho ya kudhurika ina sumu yake. Nimewaona watu wanaoogopa kipimo kikiwa kidogo, posho isije ikafutwa, na wanaoogopa kikiwa kikubwa, wasije wakahamishwa. Wote wawili wanaishia kitu kimoja: kuichezea beji.

Hapo mama akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza umri.

MAMA: Na wewe, mwanangu, namba yako ni ngapi?

Nilikuwa na jibu la mwaka ule. Lakini niliona aibu kwa jibu la miaka ya mwanzo, na nikaamua kulisema.

Hospitali niliyoanzia kazi, beji zetu zilining'inia msumarini nyuma ya mlango wa maabara ya dawa. Asubuhi waliokumbuka walizivaa. Wengine walizivaa siku ya ukaguzi. Beji haikingi kitu, inahesabu tu, na beji iliyo msumarini inahesabu mionzi ya ukuta. Baada ya kila miezi mitatu zilikusanywa zikapelekwa kusomwa, majibu yakarudi, na karatasi ikaingia kwenye saraka ya mkuu wa kitengo. Miaka sita sikuwahi kuiona. Sikuuliza. Nilidhani namba ikiwa mbaya nitaambiwa.

Mwaka wa saba niliomba niione. Mwili wangu ulikuwa milisiveti 2.1 kwa mwaka, namba ya kawaida kabisa. Nilipumua. Kisha mtaalamu wa kinga aliyenisomea akauliza: na vidole? Havikuwa vimepimwa hata siku moja. Akanipa pete yenye kipimo ndani yake, niivae kwenye shina la kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, ule unaoshikilia wakati wa kulia unavuta. Miezi mitatu baadaye ikasoma 25. Nikaona ndogo, maana kikomo cha ngozi ya mikono ni 500 kwa mwaka. Akaniambia nisubiri. Utafiti mkubwa wa Ulaya ulioitwa ORAMED uliwapima wafanyakazi kama mimi mkononi sehemu kwa sehemu, na ukaonyesha kwamba ncha ya kidole inapata karibu mara 6 ya kile pete inachosoma shinani, na kwamba mmoja kati ya watano anaelekea kuvuka kikomo bila kujua. Zidisha mwenyewe, akasema. 25 mara 6 ni 150, mara robo nne za mwaka, 600.

Miaka sita yote niliogopa tumbo langu. Kilichokuwa kinaungua ni ncha za vidole, na sababu yake ilikuwa kabatini: mfuko wa tungsteni wa kuvisha bomba la sindano. Unazuia zaidi ya sehemu 90 katika 100 za mionzi ya teknesiamu. Hatukuuvaa kwa sababu ni mzito, unaficha mshipa, na wagonjwa wamepanga foleni. Ndege ya jenereta ikichelewa, wagonjwa wa siku mbili wanabanwa katika siku moja, na siku za namna hiyo ndizo mfuko ulizosahauliwa zaidi. Niliuvaa. Nikajifunza kutafuta mshipa kwanza kwa kanula kabla ya kuileta dawa karibu. Robo iliyofuata pete ikasoma 4.

Mjomba alikaa kimya muda mrefu kuliko nilivyomtarajia.

MJOMBA: Sisi tulikuwa na daftari. Kila mtu anaandika namba yake kwa mkono wake, na ya mwenzake anaiona. Aliyekataa kuandika hakupanda gari la kazi.

BINTI: Kwetu tulifundishwa kuvaa beji. Kuiuliza hatukufundishwa.

MAMA: Basi nitawaambia wakwe hivi. Mwanangu atafanya kazi. Na kila miezi mitatu ataniletea namba mbili, ya mwili na ya vidole, na mume wake atazijua. Siku atakayokuja bila namba, nitamfuata mwenyewe hukohuko kazini.

Hiyo ndiyo hukumu iliyotoka barazani, na mimi naikubali yote. Naongeza langu moja kwa wewe unayesoma haya ukiwa na beji kifuani, Mwanza au Mombasa, Kampala au Muscat. Kesho ukifika kazini, kabla hujagusa dawa, nenda kwa anayezitunza karatasi hizo ukamwombe ya kwako. Ukikuta hakuna pete, idai. Mfuko wa tungsteni ukiwa kabatini, utoe. Na ukiwa wewe ndiye mkuu mwenye saraka, ifungue leo, uibandike karatasi mahali ambapo kila mtu ataisoma namba yake.